Matundu sita ukutani

Juzi nilikuwa napaka rangi chumba cha redio, mara ya kwanza tangu nihamie humu, na ili brashi ifike ilibidi nivute meza. Nyuma ya meza ndo nikayakuta, matundu sita yametapakaa ukutani kuanzia kwenye fremu ya dirisha hadi karibu na sakafu, mengine nimeyaziba kwa silikoni, mengine kwa sementi, na moja kwa kipande cha boksi tu. Nikakaa chini na brashi mkononi, rangi inadondoka kwenye suruali, naanza kukumbuka lipi nilitoboa lini na kwa nini. Picha za stesheni yangu ya zamani sina nyingi, lakini ukuta umeweka hesabu yote.

Kwa msiojua, redio za ridhaa ni haya mambo ya kufanya mtihani, kupewa leseni na kolsaini yako, jina lako la hewani, kisha kurusha mawimbi kutoka nyumbani na kuongea na wenzako wa dunia nzima bila mnara wa simu wala intaneti katikati. Hakuna muziki wala matangazo. Unaita, mtu usiyemjua anajibu kutoka Japani, mnapeana ripoti ya jinsi mnavyosikika, basi. Ukieleza hivyo watu wanakuangalia kwa huruma kidogo, nimeshazoea.

Wageni wakiingia humu wanaona meza wanadhani nilikaa nikachora ramani. Wapi! Karibu kila kitu kilichoingia kwenye hiki chumba kiliingia kutibu ugonjwa ulioletwa na kilichotangulia.

Tundu la kwanza halistahili hata jina, ni la msumari tu kwenye fremu ya dirisha. Miaka ya 90 nilikuwa na redio ya kawaida ya masafa mafupi, nikapitisha hapo waya mwembamba wa mita kama 15 nikaufunga kwenye mti, na usiku stesheni zikaja mpaka nikakosa usingizi. Ila kati ya stesheni na stesheni kulikuwa na sauti za ajabu, kama bata anayeongea amebanwa pua. Nikadhani redio imeharibika. Kumbe ndo hao wenyewe wa ridhaa, wanatumia SSB, ambayo inaondoa wimbi lile la kati na nakala moja kati ya mbili za sauti ili nguvu yote iende kwenye maneno, na redio ya kawaida haina kitu cha kurudishia kile kilichoondolewa kwa hiyo unasikia bata. Nikatafuta risiva yenye kifaa hicho, nikazungusha kitufe taratibu, bata akageuka mtu, na huyo mtu alikuwa anaeleza jinsi goti linavyomuuma. Nikasema na mimi lazima niongee.

Kuongea maana yake leseni, na enzi hizo leseni ya kurusha kwenye masafa mafupi ilikuwa na mtihani wa Morse ndani yake, zile herufi za milio mifupi na mirefu. Niliisoma Morse kwa jasho, nasikiliza kaseti asubuhi na jioni, nakariri mabango ya barabarani kwa didi na daa, nikafaulu kwa kuchungulia mlango. Miaka michache baadaye, 2003, mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio ukaondoa lile sharti, kila nchi ikaachiwa iamue yenyewe. Nilikasirika kama mtu aliyepanga foleni kutwa halafu wanafungua milango yote. Hilo nitalirudia.

Tundu la pili ndo la kweli, la drili. Leseni ilipotoka nikanunua Yaesu FT-101 iliyotumika, redio ya miaka ya 70, nzito kama jiwe la kusagia, ndani karibu kila kitu ni transista isipokuwa valvu tatu, zile chupa za kioo zinazopata moto, moja 12BY7A ya kusukuma na mbili 6JS6 za mwisho ambazo ndo zinapeleka nguvu kwenye antena. Redio ya hivyo huiwashi ukaongea. Unaiacha ipate moto kwanza, halafu unabonyeza, mkono mmoja kwenye kitufe cha plate, kile cha kuilinganisha valvu na antena, na jicho kwenye sindano, unatafuta pale sindano inapoporomoka, ukishapata unaongeza load kidogo, unarudi plate, na yote hayo uyafanye kwa sekunde chache maana valvu inaungua wakati wewe unashangaa. Siku ya kwanza nilishangaa. Nikasikia harufu ya vumbi linaloungua, nikachungulia kwenye matundu ya kifuniko, nikaona valvu imekuwa nyekundu kama kaa. Nikaachia haraka. Jozi ile ilifanya kazi miezi michache tu ikafa, na kosa lilikuwa langu asilimia mia. Lakini mpaka leo naukumbuka ule mwanga wa rangi ya chungwa usiku na joto linalotoka juu ya redio, unaweka kiganja pale unapata joto.

Antena ilikuwa dipole ya bendi ya mita 40 (bendi zinaitwa kwa urefu wa wimbi, hii ni ya megahezi 7), kitu rahisi kuliko vyote. Unachukua 143 unagawa kwa megahezi, unapata urefu kwa mita, kwa 7.1 inakuja 20 na ushee, unakata katikati, kila upande mita kumi, unaunga kebo hapo kati unaipandisha juu. Na zawadi juu yake, hiyohiyo inakubali megahezi 21 kwa sababu ni mara tatu ya 7. Nikaivuta kati ya mti na kona ya paa, kebo nyembamba ya koaksi, RG-58, ya mita 30 ikaingia kwa tundu la pili, usiku wa kwanza nikaita nikajibiwa. Mkono ulitetemeka mpaka mwandiko wa kwenye daftari ukurasa ule hausomeki.

Sasa ugonjwa. Kila nikiongea kwa nguvu kwenye 21, maikrofoni ya chuma ilikuwa inaning'ata mdomo. Sitanii, inang'ata, kama mdudu. Na jirani akaja mlangoni kwa ustaarabu kabisa, akasema, "Jirani, samahani, kuna mtu anaongea ndani ya spika zangu na sauti ni yako." Nikasema dawa ni ethi. Nikachimba, nikapigilia nondo ya shaba, nikatoboa tundu la tatu chini karibu na sakafu nikaingiza waya mnene. Mdomo ukaendelea kung'atwa. Nikamwendea mzee mmoja aliyekuwa kwenye hizi shughuli kabla sijazaliwa, akanisikiliza mpaka mwisho, akacheka, akasema, "Kijana, umechimba kisima mtu anaumwa jino." Tatizo halikuwa ethi. Dipole inataka pande zake mbili zilingane na kebo ya koaksi hailingani, kwa hiyo mkondo ulikuwa unarudi kwa nje ya kebo, unafuata ngozi yake mpaka mezani, mpaka kwenye maikrofoni, mpaka mdomoni kwangu na kwenye nyaya za spika za jirani. Dawa ikawa kuizungusha kebo yenyewe mizunguko kama kumi kwa duara, pale juu inapokutana na antena, na kuifunga kwa kamba. Dakika ishirini. Jirani hakurudi tena, na tundu la tatu nimeliacha kwa ajili ya radi tu, maana ethi kwa radi ina maana yake.

Mzee huyohuyo ndo aliyeniambia maneno ambayo nilichelewa miaka kuyaelewa: "Redio yako haina masikio, masikio yako juu ya paa." Nikaitikia ndiyo mzee, nikarudi nyumbani nikaendelea kutamani redio mpya.

Baada ya msimu wa mvua kukatokea kitu kilichonitesa kuliko vyote. Stesheni ikawa kiziwi. Zile sauti nilizozoea kila jioni zikawa mbali, nikiita hawanisikii, lakini mita ya SWR, ile inayopima nguvu inayorudishwa na antena na 1 ndo bora kabisa, inaonyesha vizuri ajabu, 1.1 hivi, vizuri kuliko siku nilipoifunga, na vizuri kila mahali kwenye bendi. Nikafungua redio mara tatu, nikabadilisha valvu, nikalaumu jua. Wiki sita! Siku moja nafagia chumba nikaona alama ya maji ukutani chini ya tundu la pili, nikaigusa konekta nyuma ya redio, ina unyevu. Nikaifungua, tone likadondoka kwenye kidole. Nikachukua kisu nikaipasua kebo pale inapoingilia, nikatarajia kuona shaba, nikaona wavu mweusi kama masizi ya sufuria. Nikasogea hatua nne nikakata tena, mweusi. Nikatoka nje nikakata katikati, mweusi. Mvua ilikuwa inaingia juu kule kwenye kiungio nilichokifunga kwa utepe wa kawaida wa umeme, inateremka ndani ya kebo kama kwenye mrija, inakuja kutoka mezani kwangu.

Na ile SWR nzuri? Ndo utapeli wenyewe. Kebo iliyooza inakunywa nguvu inayokwenda, na ile kidogo inayorudishwa na antena inainywa pia wakati wa kurudi, kwa hiyo mita mezani inaona hakuna kinachorudi inakwambia hongera. Tangu siku ile mtu akinitambia SWR yake ya 1.1 kwenye bendi nzima namuuliza kebo yako ina umri gani. Siku hizi kila kiungio cha nje nakifunga kwa ule utepe wa mpira unaojigandisha wenyewe, na kabla kebo haijaingia ukutani naiacha ining'inie chini ya tundu kama tumbo, maji yakifuata kebo yanadondokea hapo nje. Hili la tumbo ni dogo mno na hakuna aliyewahi kuniambia.

Tundu la nne ni kubwa, ngumi inapita, na lina aibu kidogo. Mwaka 2000 na 2001 jua lilikuwa kwenye kilele, madoa kibao, na bendi ya mita 10, yaani megahezi 28, ilikuwa wazi kuanzia asubuhi, wati tano zinazunguka dunia. Nikalewa. Nikajenga mnara wa mita 12, juu yake Yagi ya elementi tatu ya bendi za 14, 21 na 28, aina ile ya antena iliyoanza kwa Wajapani wawili, Yagi na Uda, miaka ya 20, ikawa ndo antena ya televisheni kwenye mapaa ya dunia nzima. Juu yake mota ya kuizungusha. Kebo mpya ya RG-213 kwa sababu RG-58 ya mita 30 kwenye megahezi 28 inakula karibu nusu ya nguvu hata ikiwa mpya. Kebo nene, kebo ya mota, zote kwa tundu la nne. Mezani ikaja redio mpya isiyo na valvu, amplifaya, tuna (kisanduku cha kulinganisha antena na redio), mita mbili, pawa saplai ya pili, kisanduku cha kuunganisha na kompyuta. Nilihesabu waya 31 nyuma ya meza. Ukitafuta tatizo unaanza kwa kutafuta tochi. Redio mpya walau ilikuwa na bendi za megahezi 10, 18 na 24 zilizotolewa kwenye mkutano wa 1979, ambazo mzee FT-101 hakuzijua kurusha.

Halafu jua likalala. Madoa yanapanda na kushuka kwa mzunguko wa kama miaka 11, nilikuwa naijua hiyo kwa kusoma, si kwa kuishi. 2008 ulikuwa na siku 266 ambazo jua halikuwa na doa hata moja. Unawasha amplifaya, unazungusha Yagi, mita 10 kimya, mita 15 kimya, unasikia upepo tu. Bila madoa ile ionosfia ya juu, tabaka la anga lenye chaji ya umeme, inakosa nguvu ya kukunja masafa ya juu kuyarudisha chini, mawimbi yako yanapita moja kwa moja yanaenda zake angani, na hapo hata uwe na wati elfu unamulika nyota. Mnara wa mita 12 ukawa wa ndege kutua. Nikarudi kwenye dipole ya mita 40.

Na nikarudi kwenye Morse, kwa aibu kabisa. Kwenye bendi dhaifu sauti inahitaji hezi kama 2,400 za nafasi, Morse inatosha mia chache au hata chini ya hapo, unaifinya filta mpaka kelele karibu zote zinabaki nje na kile kifilimbi chembamba kinabaki peke yake katikati. Nilikuwa nimeichukia kwa sababu ya mtihani. Sasa najikuta saa tano usiku taa zimezimwa, kidole kwenye kii, ile swichi ya kupigia Morse, naongea na mtu ambaye sitajua sauti yake ikoje lakini mwandiko wa mkono wake naujua, anavyovuta ile daa ya mwisho ya K. Mama watoto anasema siku zile ndo nilikuwa mtulivu kuliko zote.

Tundu la tano limetobolewa na kelele. Hii ndo vita ya sasa na sidhani kama tunashinda. Zamani usiku kwenye mita 40 sindano ya kupima nguvu ya kinachosikika ilikuwa inalala kwenye S2, mwaka baada ya mwaka ikapanda mpaka S7 muda wote, mngurumo mmoja kama mashine ya kusaga iko chumba cha pili. Kila S ni desibeli 6, kwa hiyo kutoka 2 mpaka 7 ni desibeli 30, maana yake kelele imekuwa na nguvu mara 1,000. Huwezi kuishinda hiyo kwa redio mpya. Siku moja nikaiunganisha redio kwenye betri, nikazima meinswichi ya nyumba nzima, watoto wakapiga kelele, sindano ikaanguka mpaka S4. Kwa hiyo adui mkubwa alikuwa ndani! Nikawasha swichi moja moja naangalia sindano, na wa kwanza kukamatwa alikuwa chaja ya simu, kidude cha kutosha kwenye kiganja, nikikichomeka mngurumo unarudi, nikichomoa unaondoka. Wa pili taa za LED za jikoni. Wa tatu pawa saplai yangu mwenyewe ya redio, hapo nilinyamaza.

Chaja nikatupa, taa nikabadilisha, waya zilizobaki nikazizungushia mara kumi na ngapi kwenye pete za feraiti zinazozuia kelele. Ila kutoka S4 kurudi S2 ikabaki ya nje, ya inveta za sola na vyaja vya watu, na huwezi kwenda kuzima nyumba za watu. Ndo nikajenga antena ya kusikilizia tu, duara la waya lenye kipenyo cha mita moja, nimeliweka mbali kabisa na nyumba, kebo yake ndo tundu la tano. Duara dogo hivyo linasikia kwa udhaifu, lakini lina pande mbili ambazo halisikii kabisa, unaligeuza mpaka ule upande kiziwi unamtazama mwenye kelele. Nikaelewa maneno ya mzee kuhusu masikio. Hayupo tena wa kumwambia.

Cha ajabu mabadiliko makubwa kuliko yote hayana tundu. Baada ya Icom kutoa IC-7300 mwaka 2016 na mimi nikaichukua, redio inayogeuza mawimbi kuwa namba moja kwa moja kutoka kwenye antena, na kwenye kioo unaiona bendi inashuka kama maporomoko, kila stesheni mstari wake. Waya moja ya USB ikafukuza kisanduku cha kompyuta, kadi ya sauti na waya kama nane. Tuna imo humohumo ndani. Amplifaya nikampa mwenzangu. Halafu 2017 ikaja FT8, programu ya Joe Taylor na Steve Franke, huyo Taylor ni yuleyule wa Nobel ya fizikia ya 1993. Kompyuta zinaongea kwa zamu za sekunde 15, toni nane kwenye upana wa hezi 50, na inasoma ishara ambazo sikio langu linaapa hazipo. Kwa wiki mbili nilijaza daftari kuliko miaka miwili iliyotangulia. Wiki ya tatu nikagundua nimekaa nakunywa chai naangalia kompyuta yangu ikipunga mkono kwa kompyuta za wenzangu. Sitaki kuisema vibaya, siku bendi imekufa hiyo ndo inakwambia haijafa kabisa, lakini sikumbuki mazungumzo hata moja ya FT8 na lile goti la yule bwana nalikumbuka.

Tundu la sita ni dogo tena, la kebo ya dishi. Novemba 2018 ilirushwa satelaiti Es'hail-2, na ndani yake kuna chombo cha watu wa ridhaa, QO-100, cha kwanza kukaa palepale juu ya ikweta nyuzi 25.9 mashariki, hakizami wala hakichomozi, kinaona kutoka Brazili mpaka Thailand. Unapokea kwenye gigahezi 10 kwa LNB, kile kichwa cha kupokelea, ileile ya dishi la televisheni, unarusha kwenye 2.4 kwa wati chache, na ile amplifaya ndogo unaifunga nje kwenye dishi lenyewe maana kwenye masafa hayo kebo inakula kila kitu kabla hakijafika. Siku ya kwanza nikasema kolsaini yangu nikanyamaza, na robo sekunde baadaye nikajisikia mwenyewe narudi, baada ya kwenda juu kilomita elfu 36 na kushuka. Nikarudia kama mara sita bila kumwita mtu, najisikiliza tu. Na huku jua halijali wala mvua haijali sana, ni kama simu. Labda ndo maana siwashi kila siku.

Basi mezani sasa kuna redio moja, kii ya Morse, kompyuta, na kisanduku cha satelaiti. Waya nyuma ni tisa. Mnara niliushusha mwaka juzi kabla kutu haijaushusha yenyewe, na kwa bahati yangu ilivyo, 2024 NASA na NOAA wakatangaza jua limefika kwenye kilele tena, mita 10 ikawaka moto, na mimi nina dipole. Tundu la nne nimelijaza sementi, limebaki na kidonda ambacho rangi haikifichi.

Rangi ilikauka jana, nikairudisha meza. Kabla ya kuirudisha nilipima kidogo upande wa kushoto wa dirisha, pale ambapo kebo ya antena ya bendi ya mita 6 ingeingia bila kona, nikaweka alama ya msalaba kwa penseli, ndogo kabisa. Asubuhi mama watoto aliingia kuangalia rangi ilivyokaa. Akaizungukia kuta zote, akasimama pale kwenye msalaba, akaugusa kwa kidole, akatoka.